Siku moja maishani mwangu: naandika riwaya ya Vita vya Kagera

Saa kumi alfajiri nimeshakaa mezani. Tangu mwaka 1979 usingizi wangu huishia hapo, basi muda huo nimeupa kazi: daftari, kalamu, chai ya rangi. Majirani wanasema mzee anajipumzisha. Mgongo wangu unajua kwamba hii ni kazi.

Saa moja uji, kisha mchicha kumwagiliwa. Saa mbili na nusu niko stesheneri kwa binti anayenichapia. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu." Umeme hakuna. Nangoja kwenye benchi.

Saa nne simu inaita. Mhariri. Anataka kurasa za Lukaya, mji wa Uganda tulikopigana, zipunguzwe. "Mzee wangu, vita tulishinda. Mbona vijana wetu wanakimbia?" Nikamweleza. Tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Idi Amin wa Uganda na Walibya waliomsaidia walitupiga kwa roketi za Katyusha. Makombora mengi hayakutupata, lakini ule mlio! Wengi wetu katika brigedi ya 201 ya Tanzania tulikuwa wanamgambo, mlio ule hatujawahi kuusikia. Tukatawanyika. Kushoto mafunjo, kulia mafunjo, barabara moja tu juu ya tuta. Usiku tukakusanywa, tukapangwa upya, na tarehe 11 tukarudi mjini, wenzetu wa brigedi ya 208 wakimzunguka adui ubavuni. Ukifuta kukimbia kwetu, umefuta na kurudi kwetu. Akasema wasomaji wanataka mashujaa. Nikamwambia hao ndio mashujaa, walioogopa jana na leo wakarudi palepale. Akaanza upya, nami nikaanza upya, mpaka sikio likapata moto.

Jingine sikumwambia. Yule anayelia ndani ya mafunjo kwenye kurasa zile alikuwa mtu wa kweli, na dada zake wako hai. Ningeandika historia ya maisha yangu, ningelazimika kumtaja. Kwenye riwaya nimempa kwao kwingine na kazi ya uvuvi, kisha hofu yangu mwenyewe nikamtwika yeye. Ukweli umesemwa wote, na dada zake hawakuguswa.

Mchana sikuangalia tena saa. Umeme ulirudi, binti akachapa, akauliza mafunjo yana urefu gani. Nikasimama kumwonyesha: yanampita mtu. Mikono ikaanza kutetemeka, akaniletea maji. Hapo ndipo kazi hii inapochosha. Sharti urudi kule kwa hiari yako, utazame tena matope na waliolala ndani yake, ndipo uchague neno.

Jioni nilimpigia mhariri. Lukaya haipunguzwi hata mstari. Kesho alfajiri naanza sura ya Entebbe.