Ninavyochagua karata nne za kuanzia

Jumamosi jioni huwa tunacheza Omaha ya kugawana, aina ya poka, kwa rafiki yangu South B, pesa yetu ikiwa ni maharagwe ya Nyayo. Kila mtu hupewa karata nne, tano zinafunguliwa mezani, na lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala pungufu. Mwenye mkono wa juu, yaani karata tano zenye nguvu kuliko za wengine, huchukua nusu ya kitita. Nusu nyingine ni ya mkono wa chini, yaani karata tano tofauti zisizozidi nane. Mezani kukikosa tatu tofauti za namna hiyo, wa juu anakomba zote. Ree, yaani karata ya A, hufanya kazi pande zote mbili, na kule chini ndiyo ndogo kuliko zote.

Sisi tuliokulia kwenye poka ya "niko kadi" tumezoea kuona mbili na tatu kama za kumlisha jirani, yaani kumwongezea karata. Hapa ndizo ninazozitafuta kwanza, mradi ziandamane na ree.

Swali langu ni moja: je, hizi nne zinaweza kukomba kitita chote? Zikiwa za kuwania nusu tu, mara nyingi nazitupa. Hesabu ndiyo iliyonifikisha hapo. Chukua watu watatu, kila mmoja ameweka maharagwe 300. Kitita ni 900. Wa juu anabeba 450, na wawili wenye ree na mbili wanagawana 450 za chini, 225 kila mmoja. Umeshinda, na bado umepoteza 75! Kwa hivyo ree na mbili zikiwa na mfalme na tisa za alama tofauti, siongezi dau kwa pupa.

Ree, mbili na tatu ni habari nyingine. Tuseme mezani pana 5, 7 na 8. Ree na mbili ndio mkono bora wa chini kwa sasa. Ikifunguliwa karata ya mbili mezani, aliyezitegemea hizo tu amebaki na 8-7-5-2-ree, lakini mimi nabadilisha: natumia ree na tatu, napata 7-5-3-2-ree, na hakuna wa kunipita chini. Ndiyo maana karata ya tatu ndogo naithamini karibu sawa na ree yenyewe. Ree mbili, mbili na tatu, zikiwa karata mbili za kopa na mbili za shupaza, ndizo nne tamu kuliko zote. Haziji mara nyingi.

Zinazowaponza wengi mezani petu ni za katikati, kama 6, 7, 8 na 9. Zinapendeza macho kwa jinsi zinavyofuatana. Lakini mezani kukifunguliwa ndogo za kukupa mfululizo, upande wa chini nao umefunguka, kwa hiyo unawania nusu, tena pengine kuna mwenye mfululizo mkubwa kuliko wako. Mimi huziweka chini bila kuuliza, na mwenyeji wetu hunichokoza: "Wee, leo umekuja kunywa chai tu?" Ndiyo, chai yake ni nzuri.

Kubwa tupu, mathalani mfalme wawili, malkia na jeki, nazicheza kwa bei ndogo, hasa nikiwa wa mwisho kuamua. Zile tatu za kwanza mezani zikija na ndogo mbili au tatu, natoka mapema isipokuwa nimeshapata kitu kikubwa kweli. Zikija kubwa, nakaza dau, kwa sababu upande wa chini unakaribia kufa.

Wafalme watatu mkononi natupa pia. Natumia wawili tu, na huyo wa tatu nimemzuilia mkononi ambapo mezani angenifaa.