Mkate wa Kumimina wa Mfungo Sita

Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Giza la mwaka 2008, la karibu mwezi mzima, tulikuwa tumekwisha kulipitia, lakini hili lilikuwa refu zaidi na liliingia mpaka jikoni. Friji ziligeuka makabati. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi visimani na ndoo.

Katikati ya giza hilo ukaingia Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Nyumbani kwetu Kikwajuni maulidi hayasomwi bila mkate wa kumimina, na mama alikuwa anaupika kwa blenda na oveni, na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Akasema mwaka ule tutoe halua na kahawa, inatosha. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani mkate umezaliwa na umeme? Mjukuu wangu, njoo unitilie mchele majini."

Vikombe vinne vya mchele vikaroweka usiku kucha. Asubuhi tukauchuja, tukauanika kidogo kwenye ungo ujikaushe maji, halafu tukautwanga kinuni mimi na binti wa jirani, kwa kupokezana michi. Bibi alikuwa anachunga unga. Zile chenga zilizobaki kwenye chekeche hakuzirudisha kinuni; alizitia kwenye sufuria ndogo na tui jepesi, akazikoroga mpaka zikawa uji mzito, akauacha upoe. Uji huo ndio aliouchanganya na unga, hamira, hiliki iliyotwangwa na tui zito la nazi iliyokunwa kwa mbuzi, likiwa vuguvugu tu, maana tui la moto huua hamira.

Hapo nikaelewa jambo ambalo blenda ilikuwa imenificha. Unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano, kwa hiyo hewa ya hamira hukosa pa kushikwa. Uji ndio unaoishika. Mpaka leo, hata nikisaga kwa blenda, huchota mchele uliosagwa kidogo nikaupika uji kwanza, kisha nikaurudisha kwenye mchanganyiko.

Sukari bibi hakuitia. Nikamkumbusha.

"Subiri, mwanangu. Sukari nyingi inailemea hamira. Mkate uache uumuke kwanza."

Bakuli likafunikwa kwa kawa, likawekwa karibu na meko penye joto. Mchanganyiko ulipopanda na kujaa mapovu, ndipo alipotia sukari na ute wa yai, akakoroga kwa mwiko taratibu, akaufunika tena uumuke mara ya pili. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Ukiukoroga wakati huo unatoa hewa yote uliyoisubiri tangu asubuhi.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kwenye moto. Bibi aliwasha majiko mawili ya mkaa. Moja la kupikia, ambalo alilipunguza makaa mpaka yakabaki machache yamesambazwa pembeni, katikati pakawa hapana kitu. La pili lilikuwa la kuandalia makaa ya juu. Akapaka sufuria samli, akaibandika peke yake mpaka samli ikapata moto, kisha akamimina kwa upawa. Mchanganyiko ukalia ulipogusa chini, na kingo zikaanza kushika.

Mimi nilitaka kufunika. Akanishika mkono. Tukainama wote wawili tukitazama uso wa mkate: kwanza ulikuwa laini na unang'aa, halafu kikatokea kitundu kimoja karibu na ukingo, kingine, kisha uso mzima ukafunguka matundu madogo madogo, na ule mng'ao ukapotea. Moto wa juu ukiuwahisha, uso hukauka kabla matundu hayajafunguka, na ndani mkate unabaki mzito. Matundu yalipotimia ndipo alipofunika kwa sinia la bati na kupalia makaa juu yake, mengi kuliko ya chini. Alirusha matone ya maji kwenye ukingo wa sinia. Yaliporuka na kukauka papo hapo, akaridhika.

Harufu ya hiliki na samli ilitoka mpaka nje. Bibi alifunua kwa koleo, akiinua sinia sawasawa majivu yasimwagike. Uso ulikuwa wa rangi ya dhahabu, na mkate umeachana na sufuria pande zote. Akachoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Tulipika mmoja baada ya mwingine hadi alasiri, na usiku maulidi yakasomwa kwa taa za karabai. Mama alikata vipande mwenyewe akavipanga kwenye sahani, matundu yakionekana kuanzia chini hadi juu.

Umeme uliporudi sikuuacha utaratibu ule. Oveni yangu ina moto wa juu na wa chini, na watu wengi huiwasha yote wakaiachia mkate tangu mwanzo. Mimi huanza juu ya jiko, moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, na kusubiri uso ufunguke matundu. Ndipo huingiza ndani nikawasha wa juu peke yake, na hapo sibanduki mlangoni, maana rangi huja ghafla.