Nilivyobuni huduma ya akiba ya umeme kwa gridi ndogo

Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi kwenye karatasi: andika rasimu ya kanuni za akiba (nguvu inayowekwa tayari mtambo ukizimika ghafla) na mwitikio wa masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo inapaswa kuwa hezi 50) kwa ajili ya gridi ya Kenya, uige mfano wa Uingereza. Nilikuwa nimefanya kazi Uingereza na wenye betri wanaouza huduma hizo, kwa hiyo walionipa kazi walidhani nitanakili tu. Mimi nilianza kwa kufungua Excel na kuuliza swali moja: kitu kikubwa kuliko vyote kikizimika ghafla, gridi itaporomoka kwa kasi gani?

Jibu la swali hilo ndilo linalobeba kila kitu kingine. Bei, mnada na mikataba huja baadaye.

Kenya ina vitu viwili vya kutia hofu. Kuna shamba la upepo la Ziwa Turkana, megawati 310, ambalo umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa njia moja hadi kituo cha umeme cha Suswa. Na kuna umeme wa Ethiopia unaoingia kwa njia ya mkondo mnyoofu (DC) tangu 2022, megawati 200 kwa kuanzia. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilizama gizani, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, ilisema shamba la upepo lilianguka likiwa linatoa megawati 270. Wenye mitambo wakajibu kwamba volteji ya gridi yenyewe ilipanda kupita kiasi ikawalazimisha kujitoa. Kwa mbuni wa akiba ugomvi huo haubadilishi kitu. Megawati 270 zimeondoka, gridi lazima isimame.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mashine zote zinazozunguka, turbini na jenereta zake, zina nishati ya mwendo ndani yake, na hiyo ndiyo inesha ya gridi: kinachozuia masafa yasishuke papo hapo. Nilikadiria gigawati-sekunde 8 wakati wa jioni. Ukipoteza megawati 200 za Ethiopia, masafa yanashuka kwa takriban hezi 0.6 kila sekunde. Usiku wa manane, mashine zikiwa chache, niliweka 5, na kasi ikawa hezi moja kamili kwa sekunde. Yaani unatoka 50 hadi 49 kabla hujamaliza kupiga chafya.

Linganisha na Uingereza tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga njia ya umeme, shamba la upepo la Hornsea likapoteza megawati 737, mtambo wa gesi wa Little Barford ukafuata, na mitambo midogo mingi ikajizima yenyewe. Masafa yalifika hezi 48.8, wateja zaidi ya milioni moja wakakatwa ili gridi ipone. Lakini safari hiyo ya kushuka ilichukua zaidi ya dakika moja. Kwetu dakika haipo. Ndiyo maana kunakili kungekuwa hatari: gridi yao ni kubwa mara nyingi kuliko yetu, ilhali kipande kikubwa tunachoweza kukipoteza ni zaidi ya asilimia 10 ya mahitaji ya kilele.

Wahandisi wa mabwawa waliniambia, kwa heshima lakini kwa uthabiti, kwamba Gitaru na ndugu zake wa Mto Tana wamekuwa wakishikilia masafa miaka yote, betri za nini? Ni kweli, na gavana za mitambo hiyo, yaani vifaa vinavyorekebisha maji yanayoingia kwenye turbini, ni nzuri. Ila maji yana tabia yake. Gavana ikifungua lango zaidi, shinikizo linashuka kwanza, nguvu ya turbini inapungua kidogo, halafu ndipo inapanda. Sekunde zile za mwanzo maji hayakusaidii, na zile ndizo zinazoamua. Nilipowaonyesha mchoro wa sekunde kumi za kwanza, mazungumzo yalibadilika.

Kwa hiyo nikagawa kazi kwa zamu. Betri zitoe nguvu yake yote ndani ya sekunde moja na ziwe na nishati ya kushikilia dakika 15. Hapo nilichukua kipimo cha huduma ya Uingereza iitwayo Dynamic Containment, iliyoanza Oktoba 2020. Mabwawa yapokee ndani ya sekunde 30. Mitambo ya dizeli ya Pwani, Kipevu na Rabai, iwashwe kuja kuyapumzisha maji. Kwenye hesabu yangu megawati 100 za betri hazikutosha. 150 zilipunguza kasi ya kuporomoka kiasi cha kuyapa maji muda.

Kisha nikapata kitu cha bei rahisi kuliko betri zote. Usiku, inesha ikiwa ndogo, punguza umeme unaoingia kutoka Ethiopia hadi megawati 120. Hasara kubwa inayowezekana ikipungua, akiba unayohitaji inapungua nayo. Niliandika kanuni kwamba mwendeshaji wa gridi alinganishe kila usiku gharama ya kupunguza na gharama ya kununua akiba, achague iliyo nafuu. Uingereza nao hufanya hivyo, ila watu huja kwetu wakizungumzia minada tu.

Kuhusu mnada nilikataa kabisa. Mabwawa makubwa karibu yote ni ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na mnunuzi ni mmoja. Mnada wa kila siku wenye muuzaji mmoja ni maigizo. Hata Uingereza, betri zilipokuwa chache, bei ya Dynamic Containment ilikaa kwenye pauni 17 kwa megawati kwa saa, ambayo ndiyo ilikuwa dari, muda mrefu. Nikapendekeza zabuni ya mkataba wa miaka kadhaa kwa betri, na kwa mabwawa malipo ya kuwa tayari, yanayohesabiwa kwa thamani ya umeme ambao mtambo umejinyima kuuza ili ubaki na nafasi. Leo nafasi hiyo inatolewa bure, na kitu cha bure hakuna anayekilinda.

Malipo yafuate kipimo. Mita irekodi masafa na nguvu mara 20 kwa sekunde, na ukishindwa kuitika siku gridi inapoanguka, unapoteza malipo ya mwezi mzima, si ya saa ile tu. Kipengele hiki ndicho bado tunakibishania. Upande wa mabwawa wanataka adhabu ihesabiwe kwa wastani wa mwaka. Mimi nimewaambia wastani wa mwaka hautawasha taa za mtu saa nne usiku, na rasimu nimeiacha vilevile.