Kuanzia siku ya kuvuna

Wiki hii kidato cha nne wamepanga mradi wao wa Kilimo, na nataka kuandika kabla sijasahau jinsi walivyoupanga.

Kwa wasiofahamu, Kilimo katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, kina karatasi tatu. Mbili huandikwa darasani, ya tatu huota shambani. KNEC, baraza la mitihani, hutoa maelekezo mwanzoni mwa mwaka, kisha kila mtahiniwa anaandaa kiploti chake, anapanda, anatunza, anavuna na kuweka kumbukumbu za kila hatua. Alama hutumwa mapema, kabla ya mitihani ya Novemba. Mtoto akisikia amepewa miezi, huona muda ni tele, na hapo ndipo anapohitaji mtu wa kukaa naye.

Mimi hupenda kuanzia mwisho. Niliwatundikia kalenda ukutani nikawauliza: kabichi ziwe zimefunga lini? Wakachagua mwanzo wa Julai. Aina tunayopanda huchukua takriban miezi mitatu baada ya kupandikizwa, kwa hiyo wakarudi hadi mwanzo wa Aprili. Miche hukaa kitaluni kama mwezi mmoja, basi mbegu zisichelewe kuingia udongoni kupita mwanzo wa Machi. Wote wakaridhika, isipokuwa msichana aliyeshika kalamu. Kidole chake kilikuwa bado kwenye Aprili.

"Mwalimu, si hapa tutakuwa tumefunga shule?"

Darasa likachangamka. Mche uliotolewa kitaluni juzi, leo wanafunzi wamekwenda nyumbani, nani ataumwagilia? Nani ataona sota, wale viwavi wa udongoni, wakiukata usiku? Mmoja akasema wangoje Mei. Mwenzake akahesabu kwa sauti na kumwonyesha kuwa hapo watavuna Agosti, wakati wa kutathminiwa umepita. Jibu nilikuwa nalo tangu Januari, lakini nilinyamaza, maana ratiba ambayo mtoto ameisumbukia mwenyewe ataifuata hata nisipokuwepo. Mwishowe wakavuta kila kitu nyuma: mbegu kitaluni katikati ya Februari, kupandikiza katikati ya Machi mvua ya masika ikianza, ili shule ikifungwa miche iwe imeshashika. Mvulana wa kutwa anayekaa ng'ambo ya barabara akajitolea kupita jioni wakati wa likizo. Jina lake limeingia kwenye ratiba, na la wa kumsaidia akiugua.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni daftari la kumbukumbu. Kiploti kinaweza kupendeza, lakini daftari lililojazwa usiku mmoja hujulikana tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, tarehe zimepangana kama askari. Kwa hiyo tumekubaliana daftari lifunguliwe palepale shambani, kabla ya kunawa mikono. Mistari miwili inatosha. "Mbolea ya DAP, kijiko kimoja cha chai kila shimo." "Vidukari chini ya majani, mstari wa tatu." Mstari wa namna hiyo hauwezi kukumbukwa Julai.

Ningeomba wazazi nao watusaidie hapa, na si kwa pesa. Siku ya kutembelea watoto, badala ya kuuliza tu "unasoma?", muulize kabichi zimefika wapi na wiki ijayo kuna kazi gani. Akijibu bila kusita, yuko sawa. Akianza kutazama pembeni, mwambie mwalimu siku hiyohiyo.

Kidato cha tatu zamu yao ni mwakani, na KCSE yao ya 2027 ndiyo ya mwisho ya mfumo wa elimu wa 8-4-4. Jumatatu nitawapeleka shambani wachague sehemu zao na kuanza kurundika majani na samadi ya ng'ombe, iwe imeoza vizuri watakapoihitaji. Wataniuliza haraka ya nini. Nitawatuma kwa kidato cha nne, wawaonyeshe ile kalenda.