Noti 18, kichwani tatu tu

Kipindi nimeanza kupiga gitaa la solo kuna skeli moja ya G meja (noti za sauti zinazopandana kwa mpangilio) ilinitesa sana, ile ya noti tatu kila uzi, unaanzia uzi mnene wa sita freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) unapanda mpaka uzi wa kwanza freti ya 8, jumla noti 18. Polepole naipiga safi kabisa. Nikiongeza spidi tu, nikifika kwenye uzi wa tatu, mkono wa kulia unaenda kivyake na wa kushoto kivyake.

Sasa jioni moja tupo Magomeni, uani tulipokuwa tunafanyia mazoezi, umeme umekatika, wenzetu wameenda kunywa chai, nimebaki mimi na mzee mmoja mpiga solo wa siku nyingi kwenye muziki wa dansi. Mimi nachapa tu gitaa kavu bila ampu. Akanisikiliza weee, mwisho akasema, "Dogo, hebu ngoja. Ukipiga hapo unawaza nini?"

Nikamwambia mzee, nawaza noti, hii halafu inayofuata halafu inayofuata.

"Huwezi mwanangu. Spidi unayoitaka wewe noti zinapita nane kwa sekunde, nani anawaza vitu nane kwa sekunde?"

Tukaweka metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 80 kwa dakika, kila pigo noti sita. Ila akanikataza kupiga skeli! Nipige noti tatu tu, kila mguu ukigonga chini moja: uzi wa sita freti ya 3, uzi wa nne freti ya 4, uzi wa pili freti ya 5. G, F shapu, E. Katikati kimya. Nikazunguka na hizo tatu mpaka vidole vikawa vinafika vyenyewe.

Halafu akanishika mkono wa kushoto, akanionyesha kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Uzi wa sita na wa tano vidole vinakaa vilevile, 3, 5, 7. Wa nne na wa tatu, 4, 5, 7. Wa pili na wa kwanza, 5, 7, 8. Kwa hiyo kila kundi la noti sita ni umbo moja unalirudia mara mbili, na kwa kuwa piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, inaenda chini juu chini juu, sita inagawanyika sawa, basi kila kundi linaanza na piki kushuka. Na zile noti tatu za mwanzo ndizo zinazoanzisha hayo makundi matatu.

"Noti ya kwanza ya kila kundi ichape na nguvu kidogo, nyingine ziache zipite zenyewe."

Nikapiga. Ikapita yote mpaka juu, imenyooka, na mguu wangu umegonga mara tatu tu. Aisee nilipiga kelele jirani akachungulia.

Mzee wala hakushangaa. "Haya, sasa shuka nayo." Kushuka nako makundi yanaanzia kwingine, uzi wa kwanza freti ya 8, wa tatu freti ya 7, wa tano freti ya 7, tukaanza upya na noti tatu hizo mpaka umeme ukarudi.