Alasiri ya kupoteza jumbe kwa makusudi

Mafunzo yale yalifanyika Dar es Salaam, katika ofisi iliyokuwa ikitengeneza mfumo wa malipo ya ankara za maji. Mfumo wa zamani ulimaliza kila kitu ndani ya ombi moja: mteja analipa, programu inaandika malipo, inapunguza deni, inatuma SMS ya risiti, ndipo inamjibu. SMS ikikwama sekunde 30, mteja naye anasubiri sekunde 30, kisha anabonyeza tena. Mkufunzi wetu, mama aliyekuwa ameshughulika na mifumo ya benki kwa miaka mingi, alisema kazi ya alasiri ile ilikuwa kuzitoa SMS na hesabu za deni nje ya ombi la mteja, kuziweka kwenye foleni, yaani orodha ya jumbe zinazosubiri kushughulikiwa na programu nyingine, halafu kujaribu kuzipoteza kwa kila njia tunayoijua.

Tulitumia RabbitMQ, seva inayotunza foleni za jumbe, ndani ya Docker, chombo kinachoendesha programu ndani ya kasha lililotengwa liitwalo kontena: poti 5672 kwa programu, 15672 kwa ukurasa wa usimamizi. Alisisitiza tuitaje `--hostname`, jina la kontena, tangu mwanzo. RabbitMQ huweka data yake kwenye folda yenye jina la nodi (yaani seva moja ya RabbitMQ), na ukiunda kontena upya bila jina hilo, inazaliwa nodi ngeni isiyozijua foleni za jana hata kama diski ni ile ile.

Mtumaji, programu inayoweka jumbe kwenye foleni, akaweka jumbe 100. Mpokeaji alikuwa programu fupi ya Python iliyolala sekunde moja kwa kila ujumbe, kana kwamba inatuma SMS. Ilipofika ujumbe wa saba, mwalimu akasema, "Ua!" Tukapiga `kill -9`, amri ya kuizima programu ghafla. Ukurasa wa usimamizi, unaojisasisha kila sekunde 5, ukaonyesha jumbe sifuri kwenye foleni.

"Mwalimu, mbona hizo nyingine hazipo?"

"`auto_ack`, uthibitisho usiosubiri kazi kwisha, imewashwa. Seva imezisukuma zote kwenye soketi, yaani muunganisho wa mtandao na programu, kwa mkupuo, ikazihesabu zimefika. Haikuwa na sababu ya kubaki nazo."

Tukazima `auto_ack`, tukaweka `basic_ack`, amri ya kuthibitisha ujumbe, mwisho wa kazi, tukarudia. Sasa safu ya Unacked (zilizotolewa bila kuthibitishwa) ilikuwa ikipungua mmoja mmoja. Tulipoua programu ikiwa kwenye ujumbe wa saba, sita zilishathibitishwa. Safu ya Ready (zinazosubiri kutolewa) ikaruka hadi 94. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uthibitisho ni makabidhiano ya dhamana: kabla yake ujumbe ni wa seva, baada yake ni wako. Na makabidhiano hayo yana muda wake. Ukiua programu, mfumo endeshi hufunga soketi papo hapo. Ukichomoa waya wa mtandao, seva husubiri mapigo ya uhai, ishara fupi za kuonyesha kwamba upande wa pili bado upo, ambayo kwa kawaida yamewekwa sekunde 60, ndipo itangaze kwamba mpokeaji amekufa.

Kuwasha seva upya kulituonyesha jambo jingine. Foleni iliyotangazwa `durable`, yaani ya kudumu, ilirudi, lakini tupu, kwa sababu kila ujumbe nao unahitaji `delivery_mode=2` ili uandikwe diskini. Na mtumaji asiyewasha uthibitisho wa uchapishaji, yaani jibu la seva kwamba imeupokea ujumbe, hana namna ya kujua kama uliandikwa. Tukapita pia haraka kwenye `prefetch_count`, idadi ya jumbe anazopewa mpokeaji kabla ya kuthibitisha: bila kikomo, mpokeaji wa kwanza alizoa zote 100, na wa pili tuliyemwasha akakaa bure. Tuliweka 10 kwa kazi fupi, 1 kwa kazi nzito.

Tulikaa zaidi kwenye marudio, na mpaka leo naona ndicho kiini cha somo zima. Mwalimu alitutaka tuweke usingizi wa sekunde 5 kati ya kuhifadhi kwenye hifadhidata na kutuma `basic_ack`, kisha tuue programu ndani ya sekunde hizo. Tulipoiwasha tena, ujumbe uleule ulirudi na alama ya `redelivered` (umetolewa tena), na deni la shilingi 15,000 likapunguzwa mara ya pili. Alama hiyo haitoshi kukulinda. Inasema tu kwamba ujumbe uliwahi kutolewa. Haisemi kama kazi ilikamilika. Kinga ni jedwali la miamala iliyoshughulikiwa, namba ya muamala ikiwa ya kipekee, na safu mpya (mstari wa jedwali) iingizwe ndani ya muamala uleule wa hifadhidata unaopunguza deni, yaani kundi la mabadiliko yanayofanikiwa yote au kushindwa yote. Uingizaji ukigoma kwa sababu namba ipo, usifanye kazi, lakini thibitisha ujumbe. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, wakaukataa, nao ukarudi milele.

SMS haina kinga ya namna hiyo, maana iliyokwenda imekwenda. Tuliipa foleni yake, tukakubali kwamba siku moja moja mteja atapata risiti mbili.

Kisha mwalimu akatuma ujumbe wenye kiasi "15,000" chenye mkato. Programu ikashindwa kukigeuza kuwa namba, ikaukataa ujumbe kwa `requeue=True` (urudishwe kwenye foleni), seva ikaurudisha, programu ikaupokea tena. Feni za kompyuta zikaanza kuvuma na faili la kumbukumbu za makosa likajaa mstari mmoja unaojirudia. Tukatenganisha makosa: ya muda, kama hifadhidata kutopatikana, yanajaribiwa tena baada ya kusubiri; ya kudumu, kama mkato ule, yanakataliwa kwa `requeue=False` na kupelekwa kwenye foleni ya jumbe zilizoshindikana kupitia mpangilio wa `x-dead-letter-exchange`. Toleo la 4.0 la RabbitMQ la mwaka 2024 lilikuja kuweka kikomo cha majaribio 20 kwa foleni za kworamu, zinazonakiliwa kwenye seva kadhaa, lakini foleni ya jumbe zilizoshindikana bado unaitengeneza mwenyewe, la sivyo ujumbe hutupwa.

Mwishoni tulikata umeme upande wa mtumaji, baada ya malipo kuandikwa na kabla ujumbe haujatumwa. Malipo yakawepo, risiti ikakosekana. Suluhisho lilikuwa kuandika ujumbe kwenye jedwali la kutoka, ndani ya muamala uleule wa malipo, na kuwa na programu ndogo inayosoma safu zisizotumwa kila sekunde, inazichapisha, inasubiri uthibitisho wa seva, ndipo inazitia alama. Ikifa kabla ya kutia alama, itatuma tena, na jedwali la namba za miamala upande wa pili litaudaka ujumbe wa ziada. Tuliiua hapo pia kabla ya kufunga kompyuta. Deni lilipungua mara moja tu.