Baruku na zile karatasi za shamba

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nataka kuongea na mashemasi na makasisi wachanga, wale ambao kola bado inawakwaruza shingo, kuanzia Nakuru na Molo mpaka Kisumu, Maseno, Butere na Nambale. Nyinyi wengine pia msome, maana hawa ndio wanawazikia watu wenu kila Jumamosi.

Siku hizi nikiongea nao kwa simu nasikia maneno yanafanana. Ulitoka chuo moto unawaka, ulidhani ukishafundisha Warumi miezi mitatu kanisa litageuka, sasa umepewa makanisa manne yako mbali mbali na bodaboda ni ya kulipia, mshahara unangoja kwota, yaani mchango wa makanisa kwa dayosisi, ilipwe na kwota yenyewe haijalipwa, vijana wamehamia kule kwenye kinanda na spika kubwa, Jumamosi ni matanga mawili, na yule mlisoma naye sekondari ako kaunti anakuuliza ati "na wewe mchungaji, utapewa lini kanisa la town?" Unacheka tu. Usiku hucheki.

Mtu kama huyo tumezoea kumwambia vumilia, msimu wako unakuja, Mungu atakuinua, iko siku utakaa kwenye kiti cha askofu. Mimi hiyo siipendi na nitasema tu. Hilo ni tumaini la kupandishwa cheo, na kama cheo hakijakuja ukiwa na miaka 45 utakuwa mtu mchungu sana na washirika wako watauonja huo uchungu kila Jumapili.

Fungueni Yeremia 32. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limezunguka Yerusalemu, na Yeremia amefungiwa kwenye uwanja wa walinzi kwa sababu alihubiri kwamba mji utatekwa. Hapo hapo ndani binamu yake Hanameli anamjia na biashara, ninunulie shamba langu la Anathothi. Jameni! Sisi huku mambo ya shamba tunayajua, kuna kuita wazee, kuna mashahidi, kuna lendi bodi, na hakuna mtu na akili zake atatoa pesa kwa ploti iko upande adui amepiga kambi. Alafu Anathothi si mahali tu popote, ni kijiji chake, na ukirudi sura ya 11 utaona watu wa hapo nyumbani ndio walimtisha kwamba akiendelea kutabiri watamuua. Bado alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri, kila kitu kisheria, akampa Baruku, mwandishi wake, mbele ya watu wote na kumwambia aziweke hati kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi, kwa sababu Bwana amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii.

Angalieni mpangilio. Kwanza alilipa, baadaye ndio akaomba, na maombi yake kuanzia mstari wa 16 yanaanza vizuri, hakuna neno lililo gumu usiloliweza, lakini yanaishia kwa mshangao, yaani Bwana si unaona maboma yamefika kwenye ukuta, na ni wewe umeniambia ninunue shamba? Kwa hivyo mtu anaweza kuwa ameshatii na bado haelewi. Shemasi anayefungua kanisa Jumapili na watu ni wachache, wote wamekaa nyuma kabisa, na bado anahubiri Neno lote bila kupunguza, huyo ana tumaini hata kama mwenyewe anafikiri lilimwisha kitambo.

Lakini leo niko zaidi na Baruku, huyu wa kubeba karatasi, kwa sababu yeye ndiye shemasi wetu. Hana unabii wake, anaandika wa mwingine, anausomea watu kwa niaba ya mwingine, na katika sura ya 36 mfalme Yehoyakimu alikata kile kitabu kwa kisu kipande kwa kipande akatupa motoni, ikabidi kiandikwe tena chote. Sura ya 45 ni mistari mitano tu na ni ya Baruku peke yake. Amechoka. Analia kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake na hapati raha. Na Mungu hamwambii msimu wako unakuja. Anamwambia nilichojenga nitakibomoa, nilichopanda nitaking'oa, na wewe unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute. Ila uhai wako nitakupa popote utakapoenda.

Ni maneno magumu kwa mtu amechoka, sitadanganya. Lakini hesabu miaka. Sura ya 45 imewekwa huko nyuma ya kitabu, lakini ilisemwa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, na habari ya shamba ni mwaka wa kumi wa Sedekia, hapo katikati ni kama miaka 17. Baada ya miaka hiyo yote Baruku ako wapi? Ako pale pale na Yeremia, hana cheo kipya, na ndiye anakabidhiwa hati.

(Wazee wa kanisa na kamati za parokia, tafadhali msichukue sura ya 45 kumnyima shemasi mshahara. Kuambiwa usitafute makuu si kuambiwa ulale njaa, Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtenda kazi astahili ujira wake. Muisome hiyo bajeti ikiwa mkononi.)

Mambo makuu huku kwetu huja na bahasha siku ya harambee. Mnakumbuka Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno aliwekwa wakfu, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya, wanasiasa wakubwa walikuwa wamejaa na Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit akawaambia karibuni muabudu lakini mimbari si yenu. Sasa askofu mkuu akisema hivyo kamera ziko na nchi nzima inapiga makofi, wewe shemasi uko peke yako na MCA, yule mwakilishi wa wadi, na mabati ya paa ameshaahidi. Hapo ndio nakuombea sana.

Kuna mtu wa Uingereza anaitwa Charles Simeon. Mwaka 1782, akiwa na miaka 23 na bado shemasi, alipewa kanisa la Holy Trinity pale Cambridge. Washirika walikuwa wanamtaka mwingine. Zamani hizo viti vilikuwa vya wenyewe na vina milango, wakavifunga na hawakuja, waliokuja kumsikia wakabaki kusimama. Akaleta mabenchi, wazee wa kanisa wakayatupa nje. Upinzani uliendelea zaidi ya miaka kumi na yeye hakuhama, alikaa miaka 54 mpaka akafa 1836. Katikati hapo alikuwa mmoja wa waliosukuma mpaka CMS, shirika la wamishonari wa Kianglikana, ikaanzishwa 1799, na ni CMS ndiyo ilimtuma mmishonari Krapf akafika Mombasa 1844, na 1906 mmishonari mwingine, J. J. Willis, akaanza kazi Maseno. Simeon alikuwa amelala kaburini miaka 70. Ningewatajia Festo Olang', mtoto wa huku magharibi aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya 1970, lakini si nimesema sipendi hadithi za vyeo, kwa hivyo weka hapo mama yeyote wa Mothers Union anayefagia kanisa lenu Ijumaa na anajua Yesu alimwokoa.

Yeremia naye alichukuliwa Misri pamoja na Baruku, sura ya 43, na hatusomi popote kwamba alivuna kitu Anathothi. Ukifungua Ezra 2 ile orodha ya majina ambayo sisi wote huruka, ya watu waliorudi kutoka Babeli, mstari wa 23 unasema hivi tu, watu wa Anathothi, 128.

Sisi tuko na kitu Baruku hakuwa nacho, kaburi liko wazi. Paulo akisema taabu yenu si bure katika Bwana, hajamaliza kuhesabu sadaka, amemaliza mistari 57 ya ufufuo, 1 Wakorintho 15, nenda uangalie. Kwa hivyo shemasi wangu Jumanne fundisha hilo darasa la kipaimara hata wakija watoto watatu, andika rejista ya ubatizo vizuri na majina yasomeke, na ile jioni umechoka omba kama Yeremia, mwambie Mungu wazi wazi kwamba huelewi.

Na nyinyi washirika, wiki hii tafuta namba ya shemasi wako, umpigie, usimuulize mipango ya kanisa. Muulize amekula. Alafu mtumie nauli.